Sukari ya Gunia

Mwanzoni mwa 2007 watu wengi Uganda walipokea kwenye simu ujumbe uliokuwa ukirushwa toka mkono hadi mkono: usinunue sukari ya Lugazi. Sababu ilikuwa msitu wa Mabira. Serikali ilitaka kuipa SCOUL, kampuni yenye kiwanda cha sukari pale Lugazi, takriban hekta 7,100 za msitu ule ipande miwa. Hiyo ni karibu robo ya msitu mzima. Aliyewahi kupanda teksi kutoka Kampala kwenda Jinja anaijua Mabira hata kama jina lilimpita: ukishaiacha Lugazi miti inaisogelea barabara, joto linapungua, kisha dereva anasimama Najjembe na kila dirisha linajaa vijiti vya nyama, kuku na ndizi za gonja za kuchoma.

Sisi tulikuwa Walukuba, mtaa wa Jinja uliojengwa na wakoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani. Baba zetu walitoka West Nile, Acholi, Bugisu, Kenya na Kongo, na watoto wao wakakutana uwanjani kwa Kiswahili kwa sababu hakukuwa na lugha nyingine iliyotutosha sote. Ujumbe wa Mabira ulipofika, hakuna aliyeupinga. Msitu ule kila mmoja alihisi ni wake, hata yule ambaye hakuwahi kushuka teksi na kuingia ndani. Shida ilianza dukani.

Hajati, aliyetuuzia sukari miaka yote hiyo, alikuwa na gunia la kilo 50 nyuma ya kaunta, mzani, na furushi la makaveera madogo, yaani mifuko ya plastiki. Ukitaka kilo anakupimia kilo. Ukitaka nusu, robo, au ile ya shilingi mia mbili ya chai ya asubuhi moja, anakupimia, anafunga fundo, anakupa. Nikamuuliza, "Hajati, sukari hii ya wapi?"

"Ya gunia," akasema.

Sikuwa na la kuongeza. Gunia lenyewe lilikuwa na maandishi, lakini Walukuba nzima inajua gunia la sukari halifi. Linabeba mahindi, linabeba mkaa, linarudi kubeba sukari nyingine kutoka kwa muuzaji wa jumla ambaye naye anachanganya anavyopata. Kampeni ilituambia tuikatae sukari ya kampuni fulani, na sukari yetu ilikuwa imeshapoteza jina kabla haijatufikia.

Huwa nalikumbuka jibu la Hajati kila ninaposoma mawaidha ya namna ya kununua bidhaa kwa dhamiri safi. Angalia lebo. Chunguza kampuni. Lipa zaidi kidogo kwa kilicho chema. Ushauri huo umeandikwa kwa mtu anayesimama mbele ya rafu yenye pakiti kumi, kila moja na jina lake na anwani yake. Kampala wapo watu wa namna hiyo, nami siku hizi mara nyingine ni mmoja wao. Ila sehemu kubwa ya nchi hii inanunua vitu vilivyopimwa: sukari, chumvi, mafuta ya kupikia kwenye kikombe, unga, maharage, sabuni iliyokatwa kipande. Asiye na hela ya pakiti nzima hapewi hata nafasi ya kujua nani ametengeneza anachokula. Na yale makaveera yenyewe yalipigwa marufuku bungeni tangu 2009, lakini nenda leo duka lolote la mtaani uone unafungiwa nini.

Kahawa inaonyesha jambo hilo kwa upande wa pili. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon wapo wakulima wa arabika waliojiunga na Gumutindo, ushirika wenye makao yake Mbale, ambao kahawa yao huuzwa nje ikiwa na cheti cha biashara ya haki. Mnywaji wa London anaweza kuisoma habari ya mkulima wa Bugisu kwenye pakiti. Mimi niliyekulia saa chache tu kutoka mlima ule sikuwahi kuiona pakiti hiyo nikiwa mtoto, maana nyumbani tulikunywa chai. Mubende ni kisa kingine. Agosti 2001 wanajeshi waliwafukuza watu kwenye ardhi ambayo ilikodishwa kwa shamba la kahawa la Kaweri, mali ya Neumann Kaffee Gruppe ya Hamburg. Waliofukuzwa walifungua kesi, na kesi ikazunguka mahakamani miaka na miaka huku wazee wakifa bila kuona mwisho wake. Kelele zilizosikika nje zilipigwa sana Ujerumani, kwa sababu huko ndiko yaliko makao ya kampuni. Kwamba mnunuzi wa Hamburg ana sauti kuhusu shamba la Mubende kuliko mwenye duka wa Mubende, mimi hilo linanikera, hata pale sauti hiyo inapotumika vizuri.

Lakini nisije nikafanya kana kwamba kususia bidhaa ni fasheni tuliyoletewa na wazungu. Hapana. Uganda ni nchi ya watu wanaojua kukataa. Mwaka 1949 wakulima wa pamba Buganda, wakiwa na chama chao kilichoongozwa na Ignatius Musazi, waligoma wakitaka kuruhusiwa kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe badala ya kuipeleka kwa wenye vinu kwa bei iliyopangwa na wengine. Kulitokea fujo, watu walikufa, chama kikapigwa marufuku. Hata hivyo miaka michache baadaye, wakati wa Gavana Andrew Cohen, serikali ilianza kununua vinu na kuvikabidhi vyama vya ushirika. Mjomba wangu wa Luuka, ndugu wa mama, amekulia kwenye hadithi za ushirika ule wa Busoga; akianza kuuzungumzia hamalizi leo.

Kisha 1959. Uganda National Movement, Augustine Kamya akiwa mbele, ikawaita watu wa Buganda waache kununua kwenye maduka ya wasio Waafrika. Walisusia pia bia, sigara na mabasi. Maduka ya vijijini yalifungwa. Biashara ya Waafrika ilipata nafasi iliyokuwa imezibwa kwa miongo. Lakini waliokaidi walichomewa nyumba na kufyekewa mazao, na Wahindi wengi wa vijijini wakakimbilia mijini. Aliyekuwa analengwa zamani kwa bei yake sasa alilengwa kwa rangi yake. Miaka kumi na mitatu baadaye Amin akawapa siku 90 waondoke nchini.

Ninayasema haya kwa sababu ya yaliyotokea tarehe 12 Aprili 2007. Maandamano ya kuitetea Mabira mjini Kampala yalianza kwa matawi ya miti na mabango, yakaishia kwa watu kuuawa, akiwemo mtu mwenye asili ya Kihindi aliyepigwa mawe barabarani. Hakuwa mwenye kiwanda. Alikuwa mpita njia mwenye sura iliyofanana na ya mwenye kiwanda, na siku ile hilo likatosha. Kila ninapokutana na mtu anayeisimulia Mabira kama ushindi mtupu, namuuliza kama anamkumbuka huyo. SCOUL ni ya akina Mehta, walioanzisha sukari ya Lugazi mwaka 1924. Kakira, kiwanda kingine cha sukari karibu na Jinja, ni ya akina Madhvani, walioianzisha mwaka 1930. Ukweli huo ni rahisi kuugeuza uchochezi, na wanasiasa wetu wanajua kuugeuza. Anayetaka kuibana kampuni hapa Uganda lazima atenganishe hesabu za kampuni na pua ya mwenye kampuni. Asipoweza, afadhali akae nyumbani.

Msitu ulipona, lakini. Oktoba 2007 serikali ilisema inaachana na mpango ule. Ni sukari tuliyoikataa iliyofanya hivyo? Siamini. Nilikuwepo dukani kwa Hajati, nimeona. Watu walikuwa wakiikataa Lugazi kwa mdomo na kuinywa kwenye kikombe bila kujua. Kilichoisaidia Mabira ni kwamba ombi lilikuwa moja na mwenye kuamua alijulikana. Wabunge walipiga kelele, na Beatrice Anywar alikamatwa na kubaki na jina la Mama Mabira (baadaye akawa waziri wa nchi wa mazingira katika serikali ileile, siasa zetu hazichoshi). Ufalme wa Buganda ulijitokeza na ardhi mbadala. Kanisa la Mukono nalo likasema lina ardhi. Hoja ya kwamba hakuna pengine pa kupanda miwa ikakosa miguu. Ujumbe wa kususia sukari ulifanya kazi ya ngoma: uliwaita watu. Ngoma haipigani vita, ila bila ngoma nani angetoka?

Na vita haikuisha. Agosti 2011 sukari ilipoadimika na bei ya kilo kupanda hadi kupita shilingi 5,000, Rais Museveni aliirudisha hoja ya Mabira mezani: mnataka sukari au mnataka miti? Swali lilikuwa la ujanja, lakini lilimfikia mama mwenye watoto watano kuliko hotuba yoyote ya mazingira. Pale Walukuba chai ilinyweka bila sukari, na waliokuwa wakiitetea Mabira 2007 walikuwa kimya zaidi. Msitu ulipona tena. Safari hii sidhani mnunuzi anaweza kujipa sifa yoyote.

Sasa tuseme unayo hela ya pakiti, na unasimama mbele ya rafu ya supamaketi Kampala na dhamiri yako. Hutaki Lugazi kwa sababu ya Mabira. Ya pembeni yake ni ya Hoima, na Hoima Sugar ndiyo iliyokodishiwa na Ufalme wa Bunyoro mwaka 2016 maili za mraba 22 za ardhi ya Bugoma, msitu wa sokwe. Wanaharakati wamepigana nayo tangu hapo, na 2020 NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, ikatoa idhini ya mradi. Haya, chukua Kakira. Kampuni hiyo haikuomba Mabira. Ina hospitali, ina shule, makapi ya miwa inayachoma na kuuza umeme kwa taifa, na imeajiri watu wa mtaa wangu kwa vizazi. Lakini ni hiyohiyo familia ya Madhvani iliyotaka ardhi kubwa Amuru kwa ajili ya miwa, ambako mwaka 2012 wanawake wazee wa Kiacholi walivua nguo mbele ya wapima ardhi, na kwa Waacholi hakuna laana kubwa kuliko hiyo. Utachukua ipi? Ya kutoka Brazili?

Nimeona watu wakifika hapo na kukata tamaa: kama zote zina doa, basi potelea mbali, nipe ya bei rahisi. Nawaelewa. Ila nadhani wamekosea mahali pa kutazama. Rafu inakuonyesha kampuni nne au tano. Haikuonyeshi jambo kubwa zaidi la sukari yetu, ambalo liko Busoga na halina jina la kampuni moja.

Toka Jinja ushike njia ya Iganga, au pinda kwenda Kamuli, Luuka, Kaliro, Mayuge. Miwa. Miwa nyuma ya nyumba, miwa hadi ukuta wa shule, miwa palipokuwa na migomba ya bibi. Viwanda vimeongezeka, kila kimoja kinahitaji miwa, na mashamba ya viwanda hayatoshi, kwa hiyo sehemu kubwa inatoka kwa wakulima wa nje. Kwa maneno ya mkutanoni huo ni ushirikiano mzuri wa kampuni na mwananchi. Kwa maneno ya mjomba wangu, "Ukishapanda, umefungwa."

Na amefungwa kweli, nitakueleza jinsi. Miwa mipya inakaa shambani karibu miezi 18 kabla ya kukatwa. Muda wote huo ardhi haitoi hata kiazi. Mwenye ekari mbili akiziweka zote kwenye miwa, chakula ananunua, na ananunua kwa mkopo. Miwa ikikomaa, hawezi kuikata anapotaka, anangoja kibali cha kiwanda. Ikishakatwa saa zinaanza kumhesabia, maana muwa uliokatwa hukauka, hupungua uzito na utamu, na yeye analipwa kwa uzito. Lori likikaa foleni siku mbili langoni, hasara ni yake. Kwenye mzani anayesoma namba ni mtu wa kiwanda. Kisha zinatolewa gharama: kulima, mbegu, mbolea, kukata, kupakia, usafiri. Mwaka bei ikiwa nzuri anajenga nyumba ya bati na kununua bodaboda. Mwaka viwanda vikijaa miwa na Kenya ikafunga mpaka kwa sukari yetu, kama ilivyofanya zaidi ya mara moja, karatasi ya malipo inaweza kumletea deni.

Asiyeweza kungoja anauza miwa ikiwa bado shambani kwa mtu wa kati mwenye lori. Au anamkodisha ardhi yote kwa miaka kadhaa, anapokea fedha mara moja, anaoa, anazika, analipa karo, fedha zinaisha, na ardhi anaitazama ikiwa ya mwenzake. Wengine wanapeleka muwa kwenye vinu vya sukari guru. Watoto wanaacha darasa kwenda kukata na kupakia, kwa sababu pale kuna hela ya leo. Mkoa ulioilisha Jinja viazi na matoke sasa unazungumzwa kwa njaa.

Nani wa kulaumiwa hapo? Hakuna kampuni iliyomshika mjomba mkono na kumlazimisha. Pamba ilikufa, ushirika ukafa, kahawa ikapigwa na ugonjwa wa mnyauko, na muwa ukawa umesimama pale peke yake ukisema nichukue. Kampuni zilifanya zinachofanya kampuni: ziliona pengo zikaingia. Ninachozidai ni mzani ambao mkulima anaweza kuukagua, na bei inayotangazwa kabla hajapanda, maana baada ya kukata hana pa kukimbilia. Tena huko serikali ndiyo mdaiwa wa kwanza. Sera ya sukari ya 2010 ilitaka kiwanda kipya kisijengwe ndani ya kilomita 25 za kiwanda kingine. Viwanda vikakaribiana hata hivyo. Kisha wabunge wakabishana miaka kuhusu mipaka hiyo hadi Sheria ya Sukari ikatiwa saini mwaka 2020. Wenye viwanda vikubwa walisema ukaribu unaiba miwa waliyoigharamia. Wakulima wengi wakasema viwanda vikiwa viwili unaweza kumnyima mmoja. Mimi niko na wakulima hapo. Mwenye haki ya kuchagua kwanza awe yule anayeuza muwa, kabla yangu mimi ninayenunua kilo mbili kwa mwezi.

Kuna kitu kingine kinachonifanya nisiamini sana lebo na picha. Kampuni kubwa zimejifunza kutupenda hadharani. Maduka ya nchi hii yamepakwa rangi bure: ya njano ya MTN, nyekundu ya Airtel au ya Coca-Cola, mwenye duka akapata ukuta safi na kampuni ikapata bango la kudumu. Wakichimba kisima, wanapiga picha. Madawati arobaini, picha. Sisemi madawati ni mabaya, nimekalia madawati ya namna hiyo. Ila ukiuliza kuhusu mshahara wa mkata miwa, jibu linakuja na picha ya dawati.

Hajati sasa amezeeka, duka linaendeshwa na mwanawe. Naye nimemuuliza sukari inatoka wapi. Huyu alinitajia kiwanda, muuzaji wa jumla, na bei ya gunia, yote bila kuinua macho kwenye simu, kisha akaniuliza kwa nini nataka kujua. Nikamwambia habari za Luuka. Akasema anao wateja wachache wanaouliza, na kwamba akiulizwa sana atauliza na yeye kule anakonunua, kwa sababu hapendi kuonekana hajui biashara yake. Sikumdai zaidi ya hapo. Ndiyo maana naendelea kuuliza. Kilo yangu haimtishi mwenye kiwanda hata kidogo, lakini mtu akizoea kuuliza dukani, hawezi kushangaa akialikwa kuuliza kwenye mkutano wa wilaya ardhi ya umma inapogawiwa.

Mjomba yeye ananicheka. "Mpwa wangu, mkisusa sukari huko mjini, miwa yangu nitamuuzia nani? Utakuja kuitafuna wewe?" Mkataba wa ekari alizokodisha unakaribia kuisha, na nyumba imegawanyika. Yeye anataka kurudi kwenye kahawa, miche ile inayostahimili mnyauko, na migomba katikati ili watu wale. Mwanawe mkubwa anasema kahawa itakaa miaka kabla ya kulipa, na mwenye lori ameshakuja na fedha taslimu za mkataba mwingine. Mke wa marehemu mjomba mdogo, ambaye ndiye anayelima lakini hakuitwa wakati wa kusaini mara ya kwanza, ametangaza kwamba safari hii karatasi haitoki nyumbani bila yeye kusomewa kila mstari. Wamekubaliana wakutane baada ya Idi, na wamenitaka niwepo kwa sababu mimi nasoma Kiingereza cha mikataba. Nimewaambia nitakuja na nakala ya Sheria ya 2020. Binamu yangu akanijibu nije na hela.